Nyanya za nchi za baridi: pakiti inaahidi nini, mche unatoa nini

Majina yenyewe yanauza baridi: Glacier, Siberia, Polar Baby, Sub-Arctic Plenty. Ukiyasoma mfululizo unaweza kudhani ni mbegu za kumwaga juu ya theluji. Sivyo. Asili ya nyanya ni magharibi mwa Amerika Kusini, na hakuna hata moja inayopona jalidi, iwe imezalishwa Kanada, Urusi au Idaho. Maji yakiganda ndani ya jani usiku, jua la asubuhi hulikuta limelegea na kuwa jeusi kama mboga iliyochemshwa, na mche huo hauna dawa tena. Anayenunua mbegu "inayostahimili baridi" ananunua vitu viwili tu: mche unaoivisha kabla majira hayajafungwa, na ua linaloweza kutunga tunda katika usiku ambao nyanya ya kawaida ingelidondosha. Tathmini hii inazipima mbegu zinazojulikana zaidi kaskazini kwa mambo hayo mawili, kisha ladha, kisha kasoro zake. Vifaa vya kukinga baridi navyo vimo, kwa sababu mbegu nzuri kwenye udongo wa nyuzijoto 9 haina tofauti na mbegu mbaya.

Kusoma pakiti

Pakiti ikiandika siku 55, hesabu hiyo huanza siku mche unapohamishiwa bustanini, si siku ya kusia mbegu. Ongeza wiki 6 hadi 8 za kitaluni. Kisha ongeza tena, maana namba hiyo imepatikana mahali penye majira ya joto ya kueleweka. Nyanya haihesabu siku, inahesabu joto. Chini ya nyuzijoto 10 haikui kwa kiasi cha kutajwa, kwa hiyo wakulima huchukua wastani wa joto la siku na kutoa 10. Siku yenye wastani wa 22 inaipa nyanya alama 12. Siku ya mawingu yenye wastani wa 15 inaipa 5. Kwa mwendo huo siku moja ya jua inazidi siku mbili za mawingu, na zile "siku 55" zikifika pwani yenye ukungu huwa 70 au 75 bila muuzaji kuwa amedanganya. Namba ya pakiti ni ya kulinganisha aina na aina. Kupangia tarehe ya mavuno haifai.

Angalia pia kama aina ni fupi au ndefu. Fupi hufika kimo chake, huchanua nchani, huivisha kwa mkupuo na kumaliza. Ndefu huendelea kurefuka na kuchanua mpaka jalidi iiue. Wengi hudhani majira mafupi lazima yaendane na aina fupi, lakini ndefu inayoanza mapema, ikikatwa ncha kwa wakati, mara nyingi humpita ndugu yake mfupi kwa jumla ya mavuno. Fupi inashinda pale ambapo siku zisizo na jalidi hazifiki 100, au pale unapotaka kuufunika mche mzima kwa kitambaa bila kuhangaika na miti mirefu.

Sasa ua. Usiku ukishuka chini ya nyuzijoto 13, chavua ya nyanya ya kawaida huanza kuwa hafifu, na zikifuatana siku kadhaa za 10 au pungufu, ua halipati tunda. Dalili iko wazi kwa anayechungulia karibu. Kikonyo cha ua kina kifundo kidogo katikati, kama kiwiko. Kifundo kikigeuka njano huku ua bado linaonekana zima, siku mbili baadaye litaanguka kwa kuguswa tu, na litakatikia hapohapo. Ukiona vikonyo vilivyobaki vifupi, vyote vimeishia kwenye kiwiko, tatizo ni usiku wa baridi wala si ukosefu wa nyuki. Mbegu nzuri ya kaskazini hupunguza hasara hiyo kwa njia mojawapo kati ya mbili: chavua yake inavumilia zaidi, au tunda linatunga bila kuchavushwa kabisa.

Hapa ndipo Siberia inapokosa alama. Sifa inayoambatana nayo ni kwamba hutunga matunda kwenye nyuzijoto 3. Mche wa nyanya unaweza kuamka hai baada ya usiku wa nyuzijoto 3, lakini usiku huo haukui, na zikifuatana nyingi za namna hiyo mizizi huacha kunyonya na majani hukunjamana. Siberia ni nyanya fupi, ya mapema, yenye matunda madogo na ladha ya kawaida tu. Si mbegu mbaya. Imepewa sifa isiyo yake. Kuna pia Siberian, mbegu tofauti yenye jina la kukaribiana, kwa hiyo soma herufi hadi ya mwisho kabla ya kulipa.

Zinazostahili nafasi

Kama kitanda kina nafasi ya aina moja tu, iwe Stupice. Imetoka Czechoslovakia ya zamani, na jina hutamkwa "Stupitse". Ni ndefu, hufika mita 1.5 hadi 1.8, kwa hiyo inataka mti imara au kamba. Matunda ni madogo, kati ya gramu 30 na 60, hutangulia karibu kila aina nyingine kwenye bustani, na hayakomi hadi mwisho wa majira. Ladha yake ndiyo inayoitenga na wenzake wa mapema: ina uchachu na utamu kwa pamoja, ilhali nyanya nyingi za haraka ni maji yenye rangi. Kasoro ni udogo wa tunda, na mabega yanayobaki na ukijani kidogo vuli inapoingia. Anayetaka kipande kimoja kifunike mkate atafute kwingine.

Stupice ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitangazi. Majani yake ni ya umbo la viazi, yaani kingo ni laini bila meno. Sifa hiyo hufichwa na ya majani ya kawaida mbegu zikichavushana, kwa hiyo mche uliochanganyika hujifichua ungali kitaluni. Subiri jani halisi la tatu au la nne. Mche wenye majani ya meno si Stupice, hata pakiti iseme nini, utoe. Kipimo hichohicho kinafaa kwa Glacier, Matina na Bloody Butcher, zote za jani la viazi. Kwa anayehifadhi mbegu zake mwaka hadi mwaka, hiki ni kipimo cha bure.

Glacier ndiyo ya chungu. Haizidi sentimita 75 au 80, huchanua ikiwa bado kidogo sana, na matunda ya gramu 50 hadi 70 huja mapema na kuendelea kidogokidogo badala ya kuisha kwa mkupuo. Ipe chungu cha lita 15 hadi 20. Kwenye lita 8 itaishi, ila utamwagilia mara mbili kwa siku Julai na bado kitako cha matunda kitaoza. Matawi yake hulala. Usipoizungushia kizimba cha waya cha nusu mita, matunda ya chini yatakaa kwenye udongo mbichi na konokono watakutangulia. Kwa ladha iko nyuma ya Stupice, mbele ya Sub-Arctic Plenty.

Hiyo Sub-Arctic Plenty ilizalishwa Beaverlodge, kaskazini mwa Alberta, Kanada, na imefanya hasa kazi iliyokusudiwa: kuivisha kabla ya kila mtu. Mche wa sentimita 45 hadi 60, matunda yamejazana katikati, yanaiva karibu yote ndani ya wiki mbili tatu, basi. Ngozi ni nene kiasi, ladha hafifu. Ukiila mbichi utauliza haraka yote ilikuwa ya nini. Ukiipika ikakaukia hadi nusu ya ujazo wake, inajitetea. Panda miche 4 kwa ajili ya sufuria, mahali ambapo jalidi inaondoka mwanzoni mwa Juni na kurudi mwanzoni mwa Septemba. Mwenye siku 120 hana sababu ya kuinunua.

Manitoba nayo ni ya Kanada, kutoka kituo cha utafiti cha Morden, katika jimbo lililoipa jina. Fupi, tunda la gramu 150 hivi, siku 65 za pakiti. Ililengwa kwa nyanda ambako majira ya joto ni mafupi lakini jua la mchana ni kali. Ukiipeleka kwenye pwani ya mawingu, hesabu ya alama za joto inaigeuka.

Kundi lenye ufundi mkubwa zaidi ni la Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, kazi ya mtaalamu James Baggett: Oregon Spring, Santiam, Siletz, Legend na ile ndogo ya njano, Gold Nugget. Hizi hutunga tunda bila kuchavushwa. Usiku wa baridi unaoua chavua hauzizuii. Ovari inavimba hivyohivyo, na matunda ya kwanza hukatika yakiwa karibu hayana mbegu. Joto likipanda, zinachavushwa kama kawaida na mbegu zinarudi. Anayetaka kuhifadhi mbegu asikate tunda la kwanza kwa fahari akakuta utupu; achukue matunda ya katikati ya majira.

Ila bei yake ipo, na inalipwa kwa sura. Tunda la kwanza la Oregon Spring au Siletz mara nyingi huwa na makovu ya kahawia kitakoni, mikunjo, wakati mwingine tundu linaloingia ndani. Si ugonjwa. Baridi ililipata ua lilipokuwa kitumba, yapata wiki tatu kabla ya kuchanua, na ovari ikajiumba vibaya. Kunyunyizia dawa hakuna maana, kwani kosa lilishafanyika. Kinga ni kuufunika mche katika wiki hizo, wakati kitumba hakijaonekana hata kwa macho. Matunda ya kichala cha tatu kwenda juu hutoka laini.

Katika kundi hilo Legend ndiyo ya kuchagua kwa mwenye mvua nyingi, kwa kuwa inavumilia kiasi bakajani chelewa, ugonjwa wa unyevu unaoozesha majani, shina na matunda, na matunda yake ni makubwa kuliko ya wenzake wote. Siku 68 za pakiti si haba, hivyo isiwe aina yako pekee. Siletz ina ladha nzuri kuipita Oregon Spring. Gold Nugget ni ya mapema sana na haina usumbufu, lakini ni tamu bila uchachu, na wengine huiona imepooza.

Moskvich, ya Urusi, ni ndefu na ina tunda la mviringo la gramu 110 hadi 170 lenye ladha ya nyanya ya kweli, ile ya kukatwa na kutiwa chumvi. Inastahili ukuta unaotazama kusini au banda la plastiki. Nje kabisa, mahali pa upepo, itakupa vichala viwili na kukuachia vingine vya kijani. Latah, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Idaho, ni ya haraka mno na hutambaa ovyo. Ya kujaribu, si ya kutegemea.

Halafu kuna Sungold, chotara wa kampuni ya Tokita ya Japani, ambayo haijiiti ya baridi popote. Tunda dogo la rangi ya chungwa, siku 57, tamu kuliko karibu zote zilizotajwa hapa. Inaingia kwenye orodha kwa sababu nyanya ndogo huhitaji joto pungufu hadi kuiva kuliko kubwa, na mtu wa kaskazini anayelilia ladha asihangaike na majina ya barafu kabla hajaijaribu hii. Ngozi yake ni nyembamba: mvua ikinyesha baada ya siku kavu, nusu ya zilizoiva hupasuka ndani ya saa chache, kwa hiyo chuma mawingu yanapokusanyika. Mbegu zake ukizihifadhi zitatoa mchanganyiko.

Zile nyanya kubwa za umbo la moyo wa ng'ombe, na Brandywine yenye siku 80 na ushee, hazina kazi nje kwenye latitudo 55. Ladha yake haibishaniwi, lakini Septemba itakukuta umeshika mawe ya kijani.

Jambo moja linalosahaulika katika mjadala wa baridi ni unyevu. Visiwa vya Uingereza, pwani ya Norwei, kaskazini-magharibi mwa Marekani: huko nyanya nyingi zaidi huuawa na bakajani chelewa kuliko jalidi. Uingereza hutoa tahadhari kwa kigezo kinachoitwa Hutton: siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzijoto 10, na kila siku ikawa na angalau saa 6 za unyevu wa hewa wa asilimia 90 au zaidi. Hali hiyo ikitokea Julai, madoa ya kijani-kahawia yenye ukingo wa maji yataonekana siku chache baadaye, na shina likishapata mabaka meusi usipoteze muda. Stupice na Glacier hazina kinga; hujiokoa kwa kumaliza sehemu kubwa ya mavuno kabla. Anayeishi kwenye mvua aweke Legend, au chotara wenye kinga nzuri zaidi kama Crimson Crush, Mountain Magic au Defiant, hata kama haziongozi kwa uharaka.

Vifaa: kipi kinalipa

Kipimajoto cha udongo ndicho kifaa cha kwanza, na ndicho rahisi kuliko vyote. Kichomeke sentimita 10, kisome asubuhi, siku tatu mfululizo. Ikisoma 15, hamisha miche. Ikisoma 11, kaa nayo ndani hata jirani ameshapanda. Mche uliosubiri wiki mbili ndani kwenye joto humpita uliokaa wiki mbili ukitetemeka nje. Mche uliohamishwa mapema mno hujulikana kwa kuugeuza jani: chini limekuwa zambarau, mishipa imekolea zaidi. Hiyo ni mizizi iliyoshindwa kunyonya fosforasi kwa sababu ya ubaridi. Kuongeza mbolea ya fosforasi hakusaidii, maana imo tele mlemle inamokosekana. Udongo ukipata joto rangi hurudi yenyewe.

Koti la maji linapata alama za juu kuliko kifaa kingine chochote cha kukinga mche mmoja. Ni mirija ya plastiki, kwa kawaida 18, iliyounganishwa kwa duara, inayobeba jumla ya lita 11 hivi. Mchana maji hunyonya joto la jua. Usiku huliachia. Yakianza kuganda ndiyo kazi halisi huanza: kila kilo ya maji inayoganda hutoa kilojuli 334, kwa hiyo koti zima lina zaidi ya kilojuli 3,600 za kutumia kabla barafu haijafika ndani. Lisimamishe wiki moja kabla ya kupanda ili lipashe udongo. Funika sehemu ya mche kwa ndoo iliyopinduliwa, zungushia koti, jaza mirija inayotazamana kwa zamu, kisha vuta ndoo juu. Ukijaza upande mmoja kwanza, koti huanguka na ndoo yake. Kasoro kubwa ni upepo na mteremko: mirija ikipungua maji, koti huinama na kuulalia mche. Chomeka vijiti vitatu kwa ndani siku ya kwanza, usisubiri kuona. Mche ukichungulia juu na usiku ukitulia kwenye 10, liondoe, kwani mchana wa jua huko ndani kuna joto la kupika maua.

Kitambaa chepesi cha kufunikia hununuliwa kwa uzito. Cha gramu 17 hadi 19 kwa mita ya mraba huongeza nyuzijoto 1 hadi 2 tu, ila hupitisha mwanga mwingi na kinaweza kukaa mchana kutwa. Cha gramu 30 ni cha usiku wa wasiwasi. Cha gramu 50 kinazuia jalidi nyepesi lakini kinaiba mwanga, kiondolewe asubuhi. Vyote visilale juu ya majani: pale kitambaa kinapogusa jani ndipo baridi inapopita. Weka matao ya waya.

Kuhusu plastiki ya kutandika, nyeusi ndiyo maarufu na hutandikwa vibaya kila mwaka. Inapashwa yenyewe kwanza, kisha joto lazima lipite kwa kugusana. Ikiachwa imelegea juu ya mabonde ya udongo, hewa iliyo katikati inakuwa godoro na udongo unabaki baridi. Sawazisha kitanda, vuta plastiki ikaze, fukia kingo zote. Ile isiyo na rangi hupasha udongo zaidi, ila magugu nayo husherehekea chini yake. Kuna ya kijani kilichokolea au kahawia inayopitisha joto la jua na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga unaolisha magugu. Ikipatikana, chukua hiyo. Iwe ipi, itandikwe wiki mbili kabla ya kupanda. Matandazo ya nyasi kavu yasubiri Julai, kwani yakitangulia huufungia udongo baridi yake.

Kitaluni na mbele yake

Mbegu ya nyanya kwenye nyuzijoto 25 huota kwa siku 6. Kwenye 15 huchukua 14, na kwenye 10 siku 43, ikiwa haijaoza. Kwa hiyo dirisha lenye ubaridi si mahali pa kuoteshea. Sia kina cha milimita 6, pasha kwa chini, na mara shingo zinapochomoza shusha joto hadi 18 au 20 mchana na 15 hivi usiku, la sivyo miche inarefuka kama uzi. Mwanga saa 14 hadi 16 kwa siku. Usiwashe taa usiku kucha ukidhani unaisaidia. Nyanya ni miongoni mwa mimea inayougua kwa mwanga usiokatika, majani yakapauka mabaka ya njano.

Kosa linaloziua sifa za mbegu hizi za haraka kuliko lolote ni kusia mapema kupita kiasi. Aina fupi kama Sub-Arctic Plenty inataka wiki 5 hadi 6 tu kitaluni. Ikikaa wiki 9 kwenye kikopo cha sentimita 9 itachanua humohumo, itabeba tunda, na mche utaamua kwamba umeshakua. Ukiuhamisha bustanini utakaa na matunda yake matatu bila kuongeza jani. Mnunuzi ataandika kwamba mbegu ni mbovu. Ikitokea umechelewa kuhamisha, ng'oa maua na vitunda vyote siku ya kupanda, iume isiume. Aina ndefu huvumilia wiki 7 hadi 8.

Miche ikomazwe siku 7 hadi 10 kwa kutolewa nje taratibu, kivulini kwanza. Ushauri wa kufukia shina ndani sana haufai kaskazini, kwa kuwa chini ndiko kuliko baridi. Ulaze mche kwenye mfereji wa kina cha sentimita 8 hadi 10, inua ncha polepole. Shina lililolazwa litatoa mizizi kwenye tabaka lenye joto. Mbolea ya naitrojeni iwe kwa kiasi. Mche mnene wa kijani kilichokolea, wenye majani yaliyojikunja kuelekea chini na maua machache, umeshiba kupita kiasi na utachelewa kwa wiki mbili ambazo huna.

Aina fupi usizipogoe. Ndefu ziachie shina moja au mawili, na wiki 5 hadi 6 kabla ya tarehe ya kawaida ya jalidi ya kwanza kata ncha, ukibakiza majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Ua linalofunguka siku hiyo lingehitaji siku 45 hadi 60 kuwa nyanya nyekundu; limechelewa, nalo litolewe.

Mwisho wa majira mavuno yako mengi yatakuwa ya kijani, na hapo wengi hukosea kwa ukarimu: huyaacha yaonje jua zaidi. Tunda lililokaa siku nyingi kwenye usiku chini ya nyuzijoto 10 hupoteza uwezo wa kuiva hata likiingizwa ndani. Chuma lililofikia ukubwa wake na kuanza kung'aa au kupauka kitakoni. Rangi nyekundu hujengeka vizuri kati ya nyuzijoto 20 na 25, gizani au kwenye mwanga ni sawa. Dirisha halina kazi. Unayotaka kuchelewesha yaweke kwenye 13, ila yasiingie kwenye jokofu. Panga tabaka moja yasigusane, weka tofaa au ndizi moja katikati itoe gesi ya ethilini, na kagua kila siku, kwani lenye bakajani huanza kwa doa gumu la kahawia na huambukiza jirani zake. Yaliyoguswa na jalidi yana mabaka yanayopitisha mwanga kama kioo kilicholowa. Hayo hayataiva, jikoni siku hiyohiyo, au kwenye mboji.